Maji ya uhakika mijini: bwawa au bomba?

Muulize mwanasiasa mji utapataje maji ya uhakika, atakunjua ramani ya bwawa. Muulize mhandisi aliyezeekea kwenye mamlaka ya maji, naye atataka kwanza kujua dira ya eneo, yaani mita inayopima maji yanayoingia mtaani, inasoma ngapi saa nane usiku.

Si mzaha. Saa hiyo watu wamelala, hakuna anayefua wala kuoga. Dira ikizidi kuzunguka mbio, jua maji yanaingia ardhini. Ndipo mafundi hutoka na fimbo ya chuma, wakaisimamisha juu ya valvu na kutega sikio. Bomba lililopasuka huvuma hata kama lami juu yake ni kavu kabisa.

Kazi hii haina utepe wa kukata (nani ataalikwa kuzindua kiraka?), ndiyo maana bajeti yake huwa ya kwanza kupunguzwa.

Wataalamu hupenda kuutaja mji wa Phnom Penh, Kambodia. Mwaka 1993 asilimia 72 ya maji yaliyozalishwa pale hayakulipiwa: mengine yalivuja, mengine yaliibwa, na waliobahatika waliyapata saa 10 kwa siku. Mamlaka chini ya Ek Sonn Chan ikafunga dira, ikang'oa mabomba chakavu, ikawadai hata wakubwa. Upotevu ukashuka hadi karibu asilimia 6, maji yakatoka saa 24. Ni kweli walijenga na mitambo mipya, ila tafakari ile 72: katika kila ndoo 10, saba na ushee zilipotea zikiwa zimeshasafishwa, zimetiwa dawa, na umeme wa kuzisukuma umeshatumika. Ukiongeza chanzo hapo, unaongeza hasara. Na zile saa 24 si anasa. Bomba la mgao likikauka hufyonza maji machafu ya mtaroni kupitia tundu lilelile lililokuwa likivuja.

Wanaodai vyanzo vipya nao wana hoja. Cape Town ilipata tuzo ya C40, mtandao wa miji mikubwa inayokabili mabadiliko ya tabianchi, mwaka 2015 kwa kubana matumizi ya maji. Baada ya ukame wa miaka mitatu, Februari 2018 kila mkazi alitakiwa asizidi lita 50 kwa siku. Kuziba tundu hakuleti mvua. Perth, Australia, imekuwa ikisafisha maji ya bahari tangu 2006, nayo Windhoek, Namibia, inanywa majitaka yaliyosafishwa tangu 1968. Lakini maji ya bahari hula takriban uniti tatu hadi nne za umeme kwa kila mita moja ya ujazo. Kuyamwaga kwenye mtandao unaovuja ni kuuzika umeme huo.

Cape Town haikusubiri mvua mikono mitupu. Mafundi walipita mtaa kwa mtaa wakipunguza msukumo wa maji kwenye mabomba, ili kila tundu ambalo halijagunduliwa litoe maji kidogo.