Chujio Langu na Ndevu za Shemeji

Vyombo vya kuchujia kimea cha bia, yaani shayiri iliyooteshwa ikakaushwa, vipo, vya chuma kisichoshika kutu, vyenye sahani ya matundu chini na koki inayong'aa. Mimi nilikuwa na ndoo mbili, keekee na shemeji.

Ndoo moja unaitoboa kitako chote matundu madogo ya milimita 2 au 3, unaitumbukiza ndani ya nyingine yenye koki. Kimea kinabaki juu, maji matamu yanashuka. Shemeji hajawahi kupika bia, ila ana uzoefu mkubwa wa kuinywa, kwa hiyo alijipa cheo cha msimamizi. Kila tundu nililotoboa alipuliza mabaki ya plastiki, yote yakaja machoni mwangu.

Sasa, matundu yenyewe hayachuji. Kinachochuja ni maganda ya shayiri, yakijipanga tabaka nene juu yake. Ndiyo maana kimea hupasuliwa tu, hakisagwi. Hilo nililijua. Shemeji hakulijua, na aliyeshika blenda ni yeye.

Tukakiloweka saa nzima kwenye maji ya nyuzi 67, nyumba ikanukia raha. Nikamimina, nikafungua koki. Likatoka tone. Likaja la pili, kwa shingo upande. Kisha basi.

"Inafikiria," akasema shemeji.

Ilikuwa imeziba. Dawa yake ni kufunga koki, kukoroga taratibu, kuacha vitulie, kisha kufungua kidogo kidogo. Wengine huchanganya maganda ya mpunga tangu mwanzo. Tukabishana juu ya hayo mpaka msimamizi akachoka, akachomeka mpira kwenye koki, akanipa ncha. Nipulize, yeye achungulie juu aone matundu yakizibuka.

Kupuliza nako ni njia inayojulikana, mradi upulize pole. Nikapuliza pole. Wapi!

"Weka mapafu, shemeji!"

Nikaweka mapafu. Machicha yakatuna kama chura, yakapasuka katikati, yakamtemea usoni. Ndevu zote uji. Masikio uji. Bahati ni kwamba ule ubishi ulikuwa umeshapoza kila kitu.

Na chujio likazibuka! Maji matamu yakaja kwa kasi ambayo hakuna chombo cha dukani kingeifikia, ila mpira ulikuwa umeshanitoka mdomoni kwa kucheka, basi yakaenda sakafuni. Maji ya kwanza huwa na vumbi la kimea, na kanuni ni kuyarudisha juu ya machicha mpaka yatoke maangavu. Yangu yangerudi tu kwa kukamua tambara la deki.

Nilitarajia lita 20. Nilipoipata koki zilikuwa zimebaki chache, na sisimizi walishapeana habari. Shemeji akaelekea mlangoni, viatu vikinata na kubanduka kila hatua, kwa, kwa, kwa.

"Bia ikiiva usiniite," akasema. "Niletee."