Tepu Yangu Imenigeuka

Mimi ni fundi cherehani. Miaka 22 nimekaa kwenye baraza moja hapa Moshi mjini nikipima viuno vya watu, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kunigeuzia tepu. Mpaka Jumatatu iliyopita, mwanangu wa darasa la tano alipoivua shingoni mwangu kwa mkono wake, akaniambia, "Baba, simama wima. Usibane pumzi."

Nikabana. Nani asingebana?

"Achia, baba. Ni homuweki."

Nikaachia. Inchi 43. Akaandika. Akanisogeza ukutani, akaniwekea rula utosini, akapiga alama ya penseli: futi 5 na inchi 6. Halafu akakaa kwenye kigoda anapiga hesabu, kimya, kama mtu wa mapato aliyeshika daftari lako la mauzo.

"Mwalimu amesema kiuno kisizidi nusu ya urefu. Nusu ya inchi 66 ni 33. Umezidi inchi 10." Akanitazama, huruma ikamshika. "Labda nimekosea kupima."

Hakukosea. Kushika tepu nimemfundisha mimi mwenyewe. Huko jikoni nikasikia mwiko wa Mama Eli umesimama katikati ya sufuria, na mwiko wa mke wangu ukisimama ujue kuna mtu anajizuia kucheka.

Chanzo cha yote haya ni mkutano wa wazazi. Shule ya Eli ni ya kulipia, ya basi la njano, na jina silitaji kwa sababu bado wananidai muhula wa pili. Tuliitwa Alhamisi mchana kusikia habari za afya na lishe ya mwanafunzi. Akaletwa mtaalamu na projekta yake. Akatuambia Shirika la Afya Duniani linataka mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate walau dakika 60 kila siku za kuushughulisha mwili, mpaka moyo uende mbio. Acheze, akimbie, aruke kamba. Wazazi tukatikisa vichwa kwa pamoja kama kwaya.

Mimi nilikuwa nimekaa dirishani, naangalia uwanja. Niseme palipokuwa uwanja, maana nusu wamejenga chumba cha kompyuta, na nusu iliyobaki siku hiyo ilijaa magari ya wazazi. Noah moja nyeupe iliegeshwa katikati ya goli kama kipa. Na Alhamisi, kipindi cha mwisho, ndicho kipindi cha michezo cha darasa la tano! Watoto walikuwa madirishani wanatuchungulia, wamekaa, kwa sababu sisi tumekuja kufundishwa kwamba wasikae.

Jioni nikamuuliza Eli, "Kwani kile kipindi huwa mnacheza nini?"

"Tunasoma mpira."

"Mnasoma?"

"Ndiyo, unakuja kwenye mtihani."

Akaniletea daftari. Uwanja umechorwa kwa rula, mistari imenyooka kuliko mishono yangu. Upana wa goli mita 7.32, kimo chake mita 2.44, alama ya penati mita 11 kutoka golini. Alipata 92. Nikafurahi kama mzazi, nikachukua mpira wa soksi nikamtupia pale uani aupige. Akaukwepa.

Basi shule nayo haikukaa kimya, ikatuletea fomu. Kila wiki unajaza: dakika za mazoezi, matunda, mboga, maji, halafu sahihi. Ina safu ya mtoto na safu ya mzazi, eti mzazi awe mfano. Mimi nilipeleka mtoto shule ili yeye awe mfano kwangu.

Nami nauliza, hizo dakika 60 nizitoe wapi? Eli anaamka saa 10:30 alfajiri. Basi linampitia saa 11:15. Kutoka kwetu Majengo mpaka shuleni ni kama kilomita 3, lakini basi linashuka kwanza Pasua, linarudi Njoro, linakwenda Soweto, halafu linamfuata mtoto mmoja wa Rau ambaye kila siku ya Mungu anatafuta kiatu cha kushoto. Mwanangu anakaa kitini saa nzima na robo kwenda mahali ambapo mbuzi aliyekatika kamba angefika kwa nusu saa. Anarudi saa 11 jioni, ana homuweki, ana tuisheni, na saa 2 usiku amelala mezani, asubuhi nakuta saba mara nane imejichapa shavuni.

Upande wa chakula sikatai yote. Kripsi marufuku, soda marufuku, juisi ya unga marufuku. Hiyo ya juisi nawaunga mkono mia kwa mia. Mwaka jana iliwahi kunimwagikia juu ya tetroni nyeupe ya mteja, nikafua kwa kila kilichopo dukani, na mpaka leo kile kitambaa kina rangi ya chungwa. Nimekiweka. Wakija watoto kuomba hela ya juisi nawaonyesha.

Ugomvi ni tunda. Kwenye fomu wamechora epo. Mama Eli akanituma Mbuyuni kutafuta epo, shilingi 1,000 moja, imetoka Afrika Kusini na stika yake mgongoni kama msafiri mwenye pasipoti. Na kwa mama yangu kule Kibosho parachichi zinaanguka zenyewe usiku, anayeziokota ni nguruwe. Nguruwe yule ana ngozi nzuri kuliko ya mwenyekiti wa kamati ya wazazi.

Kwenye ndizi ndiyo tuliachana kabisa. Nimerudi nyumbani nimechoka, kuna kiburu, nimejipakulia kwa haki yangu, mtoto ananiambia, "Baba, ndizi ni wanga."

"Ipi?"

"Mbichi."

"Na mbivu?"

"Tunda."

"Mgomba si uleule?"

Akatafakari. Nikajua nimempata. Nikamweleza: bibi yako hakuwa na projekta. Kiburu kina ndizi na maharage. Kesho yake mtori, una ndizi na nyama. Pembeni mnavu, ambao hata kuupanda hakuupanda, umejiotea wenyewe kihambani. Makundi yote ya vyakula yalikuwa yanaingia kwenye sufuria moja nyeusi, na sisi tulikuwa wembamba kama sindano ya namba 9!

"Lakini bibi alikuwa anapanda mlima na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani," akasema Eli. "Wewe unakaa kwenye cherehani."

"Cherehani yangu ni ya kukanyaga! Miguu inakwenda siku nzima!"

"Ulifunga mota, baba."

Mwiko jikoni ukasimama tena.

Ni kweli, nilifunga mota. Goti lilikuwa linanisumbua. Lakini wasinione hivi, nami nilikuwa mtu. Mwaka 1985 nilikuwa darasa la tatu, na saa 12 asubuhi tuko barabarani tunapiga mchakamchaka pekupeku kwenye umande, tunamwimbia nduli Idi Amin mambo ambayo leo nikiyarudia nitaitwa ofisini. Vita vilikwisha 1979, sisi bado tunamkimbiza. Ukitoka hapo una ndoo ya maji ya kumwagilia bustani ya shule, una jembe, una fagio la chelewa, ndipo uingie darasani. Hakuna aliyetuletea fomu. Nikayasema haya kwa sauti, nimesimama. Mama Eli akatoka jikoni, akanitazama kuanzia juu mpaka kwenye inchi 43, akauliza, "Na hizo mbio zote umezihifadhi hapo?"

Hata hivyo kwenye jambo hili nina ushahidi wa kazini ambao mtu wa projekta hana. Januari ndiyo msimu wangu, nashona sare za shule mbili. Kaptula za watoto wa basi la njano, siku hizi nikikata naacha akiba ya inchi 2 nyuma, maana kabla ya Pasaka mama atarudi nazo: "Fundi, ongeza." Shule ya pili ni ya serikali, hapa hapa mtaani. Hao wanaleta kaptula ya kaka mtu: "Fundi, punguza." Asubuhi naongeza, mchana napunguza. Vipande ninavyovikata huku ningeweza kuviunga kule. Elimu bila ada ilianza 2016, ada ikaondoka, lakini mahindi na maharage ya makande bado ni mchango wa wazazi, na ambaye mzazi wake hajachanga, wenzake wakipanga foleni na sahani yeye anakwenda bombani kunywa maji. Yule hakuna aliyempa homuweki ya kupima kiuno.

Haya, nimetoka kwenye mada.

Ijumaa nikasema leo basi lipite, mimi na Eli tutatembea. Kilomita 3 ni nini? Kila mwaka mbio za Kilimanjaro zikija mjini nasimama barabarani nawashangilia wa kilomita 42, na kila mwaka natangaza kwamba mwakani naingia zile za kilomita 5. Tukatoka saa 12. Mlima umejifunua wote, hauna hata kipande cha wingu, kama vile umeamka mapema makusudi kuja kuniangalia.

Nilichosahau ni kwamba Moshi ni mji ulioegemea. Kwa baiskeli kushuka ni raha. Kupanda kwa miguu, kila hatua unakopa kwenye hatua inayofuata. Kufika kilomita ya kwanza nikashikwa na kichomi. Nikamwambia Eli ngoja nifunge kamba ya kiatu. Nilivaa ndala. Nikakaa kwenye kalavati.

Wakapita watoto wa ile shule ya serikali, chelewa begani, vidumu vya maji mkononi, wanakimbizana. Kila kaptula naijua kwa mshono.

"Shikamoo fundi!"

"Mara..." Haba ikagoma kutoka.

"Fundi, unasubiri gari?"

Gari likaja kweli, la njano. Anti wa basi akachungulia mlangoni, akaona ninavyotoka jasho, akasema nafasi iliyopo ni moja tu. Eli akasema, "Kile kiti changu, baba amekilipia muhula mzima. Akae yeye." Kabla anti hajajibu, mwanangu alishampokea mwenzake kidumu na wameshakata kona, anapiga kelele ambazo nyumbani sijawahi kuzisikia.

Nikakaa, magoti yakagusa kidevu. Anti akaniandika kwenye daftari la mahudhurio. Mtoto wa pembeni yangu akaangalia mbele, akaangalia nyuma, akatoa kripsi ndani ya soksi. "Anko, usiseme." Nikachukua mbili. Tukaenda Rau, tukasubiri kiatu cha kushoto. Tulipofika shuleni Eli alikuwa bombani ananawa uso.

Usiku akatoa fomu. Kwenye safu yake akaandika dakika 45. Akahamia kwenye safu ya mzazi, akatafuna penseli.

"Baba, wewe nikuandikie nini?"

"Andika kupanda."

"Kupanda mlima?"

"Andika kupanda tu. Ngazi za lile basi ni ndefu."