Kisu cha mfukoni cha kubeba kazini: tafuta kile soja wa geti hatashtukia

Wacha niseme mapema tusizungushane. Kama unafanya kazi mahali penye masharti makali, iwe kiwanda cha chakula, maabara, shule, ama ofisi yenye mashine ya kukagua mifuko pale mlangoni, usitafute kisu kikali kuliko vyote wala kile kinachosifiwa sana YouTube. Tafuta kile ambacho mwenzako akikiona mkononi mwako ataendelea tu na stori yake. Hiyo ndio sifa ya kwanza kabisa, ukali na uzuri wa chuma vinafuata nyuma, na hapo sibanduki hata vijana wa stoo wabishane nami mpaka jioni.

Mimi niko stoo upande wa kupokea mzigo, kiwanda cha chakula hapa Nakuru, Industrial Area. Kutwa ni kufungua vitu: katoni, magunia yaliyoshonwa mdomo, zile kamba ngumu za plastiki za kufunga mzigo kwa paleti, nailoni ya kuzungushia, uzi, lebo. Na sheria ya kampuni inasema blade ya mtu binafsi haivuki kuingia upande wa uzalishaji. Kuna watu wanaona huo ni ukali wa bure, eti mzungu aliandika kwa karatasi, lakini ukikaa karibu na chakula unaelewa haraka. Kipande kidogo cha chuma kikianguka kwa unga ama kwa mtindi, hiyo si hasara ya katoni moja, ni kusimamisha laini, kutenga mzigo wote wa saa hizo, na kuna mtoto mahali angekimeza. Ndio maana hata plasta za kidonda huko ndani ni za bluu, kwa sababu chakula cha rangi ya bluu ni nadra kwa hivyo ikianguka inaonekana, na nyingi zinawekwa kiutepe cha chuma ndani ili mashine ya kunasa metali iishike.

Sasa cha kushangaza ni kwamba kile kifaa watu wengi wanabeba wakidhani ni salama ndicho kibaya zaidi. Naongelea ile blade ya kusukuma, yenye kava la plastiki la njano ama la machungwa, ikishakuwa butu unavunja kipande cha mbele unapata ncha mpya. Hiyo imetengenezwa ikatike! Viwango vya BRCGS, vile viwanda vingi vinavyouza kwa supamaketi za ng'ambo hufuata, vinaikataza waziwazi. Na nusu ya wembe iliyofungwa kwa karatasi ndani ya waleti, hiyo nayo haina mpini, haina pa kujificha, ikikuteleza inakata kidole ama inapotea na hakuna mtu anajua ilienda wapi.

Na hapa nina neno kwa mabosi pia. Ukikataza visu bila kuwapa watu kitu cha kukatia, hawataacha kukata, mzigo si umefika na dereva anapiga honi? Watabeba wembe kwa soksi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri aweke vifaa na taratibu salama za kazi, kwa hivyo mfanyakazi kuomba kifaa halali cha kufungulia katoni si ujeuri. Kuna zile zenye blade imefichwa ndani, unateleza tu kwa selotepu na kidole hakiwezi kuifikia. Kama kampuni inakupa hiyo, chukua, tumia, rudisha, na hicho chako cha mfukoni kibaki cha mambo madogo.

Tuje kwa urefu wa blade, maana hapa ndipo nabishana na watu sana. Mtu anataka sentimita tisa. Ya nini? Katoni ni unene wa milimita chache, ukizamisha blade ndefu unakata pakiti za ndani na sasa umejiletea fomu ya kujaza. Gunia lililoshonwa kwa mashine halihitaji kupasuliwa hata kidogo, ule mshono ni wa mnyororo, ukipata upande wake sahihi unakata uzi mmoja pale mwisho, unavuta, mdomo wote unafunguka mwenyewe na gunia linabaki zima la kutumika tena. Wamama wa cereals pale soko la Wakulima wanajua hiyo kitambo. Kamba ya paleti ndio ngumu kidogo, na hiyo hata usitumie kisu cha mfukoni, ikikatika inaruka kwa uso, ina mkasi wake. Kwa hivyo ukihesabu kazi zote za siku kwa uaminifu, blade ya sentimita tatu na nusu inatosha.

Ndio maana chaguo langu ni Victorinox Classic, ile ndogo kabisa. Imefungwa ni milimita 58, haifiki gramu 25, ina blade fupi, makasi, na tupa ya kucha yenye ncha ya bisibisi. Hiyo kampuni ya Uswisi ilianzishwa na Karl Elsener 1884 na 1891 wakaanza kupelekea jeshi lao visu, lakini hii ndogo haina sura ya jeshi hata kidogo, ukiitoa mtu anadhani ni kitu cha funguo. Na makasi ndio moyo wake. Siku nyingi sigusi blade kabisa, ni makasi tu, uzi, lebo, kifuko cha maziwa ya chai, kucha. Mtu akiona makasi hana wasiwasi.

Lakini angalia jambo moja ambalo wauzaji hawakuambii. Ile ya kawaida ya plastiki ina kibano na kijiti cha meno vinavyochomoka pale ubavuni. Kwa mtu wa ofisini ni raha, kwa mtu wa kiwanda cha chakula hivyo ni vitu viwili vidogo vinavyosubiri kuanguka. Kuna toleo la mpini wa alumini, wanaliita Alox, halina kibano wala kijiti, ni blade, tupa na makasi basi, na hiyo ndio ningemshauri yeyote wa stoo ya chakula. Pia chunguza feki. Vile vyekundu vyenye msalaba vinavyotandazwa kando ya barabara na vifaa kumi na moja ndani, springi ya makasi inalegea upesi na blade inacheza. Ya kweli ina maandishi ya kampuni pale kwa shina la blade.

Loki. Wengi wanaona kisu chenye loki, yaani kinachoshika blade isijikunje ikiwa wazi, ni salama zaidi kwa vidole, na ni kweli kwa kazi nzito, lakini kwa geti lenye masharti loki inakusemea vibaya. Uingereza wameandika hata kwa sheria: kisu cha kukunja chenye makali yasiyozidi inchi 3 unaweza kubeba bila kueleza sababu, na mahakama yao ikasema chenye loki hakiingii kwa hiyo ruhusa. Hiyo si sheria yetu, lakini wenye kampuni wakiandika kanuni zao hufikiria hivyo hivyo. Huku kwetu kifungu cha 308 cha Kanuni ya Adhabu kinaangalia silaha na mazingira yanayoonyesha nia ya kufanya uhalifu. Kwa hivyo swali la afande litakuwa ulikuwa unaenda kufanya nini nacho, na kisu kidogo kilichofungwa kwa funguo za stoo kinajibu nusu ya hilo swali kabla hujafungua mdomo.

Ndio maana pia Okapi sikubali kazini, pamoja na heshima yote. Ni kisu chenye historia, kilianza kutengenezwa Ujerumani 1902 kikiuzwa kwa makoloni yao ya Afrika, na tangu 1988 kinatengenezwa Afrika Kusini, wakulima wengi wanakipenda. Lakini ni kirefu, kina ncha kali, na ile sauti ya meno ya loki ikifunguka, krr krr krr, kila mtu kwa chumba anageuka. Opinel ya Mfaransa nayo ni nzuri sana, mpini wa mbao, kuanzia 1955 nyingi zimewekwa pete ya kuzungusha ili isijifunge. Ningebeba shambani Njoro kupogoa miche bila kufikiria mara mbili. Kiwandani hapana, mbao inanyonya maji na uchafu, na ile ya chuma cha kaboni inashika kutu.

Sasa ruhusa. Usifiche. Kisu kilichofichwa kikipatikana kinakuwa kesi hata kama ni cha kumenyea chungwa. Mimi nilimwendea supavaiza wangu, mama mmoja mkali lakini wa haki, nikamwekea mezani kimefunguliwa, nikamwambia, "Madam, hiki ndicho naomba kuwa nacho stoo, kikifika mlango wa uzalishaji kinabaki kwa droo." Akakipima na rula, akauliza kama kinaweza kuvunjika, akaandika barua fupi, kopi moja ikaenda kwa soja wa geti. Kama angekataa ningekiacha nyumbani, maana Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 44, inahesabu kukataa amri halali ya mwajiri kama sababu ya kufutwa bila notisi. Kifungu cha 41 kinakupa haki ya kusikilizwa kwanza, sawa, lakini nani anataka kusikilizwa juu ya kisu.

Kitu kingine ni njia. Ukitoka kazini unapitia supamaketi, na tangu shambulio la Westgate 2013 kila mlango una mtu na kile kifaa cha kupitisha mwilini. Kitoe kisu mwenyewe kabla kile kifaa hakijalia, mwambie, "Boss, hizi ni funguo na kakisu kadogo," umalize hapo. Kortini usijaribu, acha nyumbani. Kisumu ukipanda ndege kiweke kwa begi linaloenda chini.

Kinoe. Blade butu ndio hukata watu, kwa sababu unasukuma kwa nguvu na inateleza. Yule fundi wa kunoa na baiskeli ni hodari kwa panga na visu vya jikoni, ila kwa kablade kadogo jiwe lake linamaliza chuma. Tumia kitako cha kikombe cha kauri, ile duara ya chini isiyopakwa rangi, pitisha taratibu kila upande, ukate karatasi kuangalia. Usisahau kutoa nyuzi na vumbi la katoni ndani ya mpini na maji ya sabuni, halafu tone la mafuta pale kwa kiungo.

Na kama kwenu jibu ni hapana kabisa, hakuna blade ya aina yoyote, kuna Leatherman Style PS, ina makasi madogo na koleo na haina kisu ndani. Ipeleke nayo ikaonekane kwanza kabla hujaiweka kwa funguo.