Ondoa Fimbo, Usiongeze

Kwenye gemu la mafumbo ya fizikia, ambapo unajenga mashine kwa fimbo na magurudumu ili ifikishe kitu mahali fulani, mashine ikianguka mkono wa mchezaji huenda moja kwa moja kwenye fimbo. Anaongeza moja hapa ya kuimarisha, nyingine pale ya kuzuia, kisha gurudumu la tatu ili mashine ipate nguvu. Kufikia jaribio la kumi mashine ina vipande thelathini, inatetemeka kabla haijaondoka ilipo, na lawama zote zinaenda kwa gemu. Methali ya kidole kimoja na chawa haifanyi kazi hapa. Mashine nyingi zinazoshindwa zina vipande vya kutosha na vya ziada, na kazi ya mchezaji ni kugundua ni kipi kinachomkwamisha mwenzake.

Tuchukue Fantastic Contraption, gemu la mwaka 2008 lililotengenezwa na Colin Northway, kwa sababu ndilo lililopunguza vifaa hadi kubaki mfupa mtupu. Kuna magurudumu ya aina tatu: linalozunguka kufuata saa, linalozunguka kinyume cha saa, na lisilo na mota. Kuna fimbo za aina mbili: ya mbao, inayogongana na vipande vingine, na ya maji, inayopita katikati ya fimbo nyingine bila kugongana nazo. Unajenga ndani ya eneo lililotengwa, unabonyeza kitufe cha kuanza, na tangu hapo huna usukani. Kipande cha waridi kifike kwenye eneo lake au kisifike. Ni vifaa vitano tu, na bado watu walijenga navyo vitu vinavyotembea, vinavyotupa, vinavyopanda kuta na vinavyojikunja kama nyoka.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba kiungo kati ya fimbo mbili ni bawaba. Kinazunguka bila kizuizi chochote. Kwa hiyo mraba wa fimbo nne hauna ugumu wowote: ukiusukuma pembeni unalala chini kama sanduku la karatasi lililofunguliwa pande zote mbili. Pembetatu hailali, kwa sababu huwezi kubadili pembe zake bila kubadili urefu wa fimbo. Kanuni yake ni rahisi kukumbuka: zidisha idadi ya viungo kwa 2, toa 3, na hiyo ndiyo idadi ya chini ya fimbo zinazohitajika ili umbo liwe gumu. Viungo 3 vinataka fimbo 3. Viungo 4 vinataka 5, yaani mraba na mshazari wake mmoja. Viungo 6 vinataka 9. Zikipungua, umbo litalegea mahali fulani. Zikitimia lakini zimerundikana upande mmoja, upande ule mwingine utalegea vilevile, kwa hiyo hesabu peke yake haitoshi, macho nayo yatazame.

Na zikizidi? Kwenye daraja halisi fimbo ya ziada ni akiba: moja ikikatika, nyingine inabeba. Kwenye gemu ambalo fimbo hazikatiki, akiba hiyo haina kazi. Inachokuletea ni uzito, pamoja na kiungo kingine ambacho kompyuta inalazimika kukikokotoa. Hapo ndipo tabu inapoanza, na inafaa tukae kidogo juu ya namna injini ya gemu, yaani programu inayokokotoa mwendo wa vipande, inavyofanya kazi, maana mtu asiyeijua atapigana na kivuli.

Gemu nyingi za aina hii, Fantastic Contraption ikiwemo, zimejengwa juu ya Box2D, injini ya fizikia iliyoandikwa na Erin Catto na kuonyeshwa mara ya kwanza mwaka 2006. Injini hiyo haioni mwendo kama mto unaotiririka. Inauona kama picha zinazofuatana, kwa kawaida 60 kwa sekunde. Katika kila picha inapitia viungo kimoja kimoja na kuvisahihisha, kisha inarudia mzunguko huo mara chache tu. Mwongozo wa matoleo yake yaliyotumika kwa miaka mingi ulipendekeza mizunguko 8 ya kusahihisha kasi na 3 ya kusahihisha mahali. Mizunguko ikiisha, makosa yaliyobaki yanabaki.

Matokeo yake unayaona kwenye skrini bila kujua asili yake. Mnyororo wa fimbo kumi wenye mzigo mzito mwishoni unavutika kama mpira, kwa kuwa marekebisho hayajapata muda wa kusafiri kutoka ncha moja hadi nyingine. Kipande chepesi kilichobanwa kati ya vizito viwili kinatetemeka. Watengenezaji wenyewe walionya kwamba mambo huanza kuharibika mzigo unapokuwa mzito kuliko kinachoubeba kwa zaidi ya mara 10. Mahali ambapo fimbo saba zinakutana kwenye kiungo kimoja, kila moja inavuta kwake, na mtikisiko huo unatosha kulirusha gari zima kutoka ardhini. Ukiona mashine inatetemeka ikiwa imesimama tu, usiikaze. Hesabu viungo vilivyopo kati ya mzigo na ardhi, kisha tafuta njia ya kuvipunguza. Fimbo moja ndefu kutoka kwenye mzigo hadi kwenye ekseli inashinda fimbo nne fupi zilizoungwa.

Kutokana na upitiaji huo wa kiungo kimoja kimoja, zamu ya kila kiungo nayo ina uzito wake. Ukifuta fimbo na kuichora upya palepale, inaweza kuhamia mwisho wa foleni, na mashine iliyokuwa inafaulu ikakosa lengo kwa unywele. Si uchawi. Ni dalili kwamba mashine ilikuwa ikifaulu kwa bahati, na mashine ya namna hiyo haifai kujengewa juu yake.

Twende kwenye gari, maana mafumbo mengi ya mwanzo yanataka gari. Gurudumu lenye mota linaposukuma ardhi upande mmoja, linasukuma fremu kuzunguka upande wa pili. Gari linaloelekea kulia, magurudumu yake yakizunguka kufuata saa, fremu inasukumwa kinyume cha saa, yaani pua inanyanyuka. Kwenye mlima pua inanyanyuka zaidi, gari linabiruka nyuma, na mchezaji anaongeza mota nyingine mbele. Mota hiyo inazidisha tatizo lilelile. Dawa ni kusogeza mzigo mbele na chini, au kupanua nafasi kati ya magurudumu. Fikiria magurudumu yaliyoachana hatua 4 na kitovu cha uzito kikiwa katikati, kimo chake hatua 2: likiwa limesimama, gari linapinduka mteremko ukizidi nyuzi 45. Pandisha mzigo hadi kimo cha hatua 4 na linapinduka kwenye nyuzi 27 hivi. Hapo bado hujahesabu msukumo wa mota. Ndiyo sababu mnara mzuri wa kubebea mpira juu ya gari ni kaburi la gari hilo.

Kuteleza ni suala jingine, na watu hulichanganya na ukosefu wa nguvu. Gurudumu linazunguka, vumbi lingekuwepo lingetimka, gari liko palepale. Nguvu ipo, mshiko ndio haupo. Kwa kawaida Box2D huzidisha namba mbili za msuguano za vitu vinavyogusana, kisha huchukua kipeuo cha pili cha jibu: ardhi yenye 0.2 na gurudumu lenye 0.8 zinatoa 0.4. Kwa namba hiyo, gari ambalo magurudumu yake yote yana mota linaweza kupanda hadi nyuzi 22 hivi. Kama nusu ya uzito imekalia magurudumu yasiyo na mota, kikomo kinashuka hadi nyuzi 11. Kwa hiyo kabla ya kuongeza gurudumu, badilisha lile lisilo na mota liwe na mota, au hamishia mzigo juu ya lile lililo nayo. Gurudumu lisilo na mota lina nafasi yake, hasa kama roli ya kupitishia kitu, lakini likiwekwa chini ya gari ni abiria anayekula uzito bila kusukuma.

Vizingiti ndivyo vinavyotofautisha anayejua na anayebahatisha. Gurudumu linaloburutwa tu haliwezi kupanda ngazi inayofikia nusu ya kimo chake, kwa sababu pale linapogusa ni ukuta, hakuna ukingo wa kuegemea. Hata ngazi ya robo ya kimo ni kazi kubwa: ili gurudumu lianze kunyanyuka, msukumo wa mlalo unaohitajika ni kama mara 1.7 ya uzito uliolikalia. Ngazi ikiwa nusu ya hiyo, msukumo unashuka hadi kama mara 0.9. Tofauti ni kubwa hivyo kwa kizingiti kidogo hivyo. Ukikuta gari linagota, usilipe kasi, litaruka na kumwaga mzigo. Weka fimbo iliyoinama mbele ya gurudumu iguse ukingo kwanza na kuipandisha pua, mfano wa ncha ya mtumbwi inapopanda mchanga. Fimbo moja. Si lazima zaidi.

Kwa mikono na mashine za kusukuma, gurudumu lina sehemu za kuunganishia kwenye mzingo, si katikati peke yake. Unganisha fimbo kwenye mzingo na ule mzunguko unageuka kuwa mwendo wa mbele na nyuma, wenye urefu sawa na kipenyo kati ya sehemu hizo. Kosa linalojirudia ni kuanza na fimbo ikiwa imenyooka sambamba na mstari unaopita katikati ya gurudumu. Hapo mzigo unakandamiza ekseli moja kwa moja, mota inaanza kwa kusuasua, na mkono unaweza kwenda upande usioutaka. Anza robo ya mzunguko kutoka hapo.

Kutupa ndiko kunakopendwa kuliko vyote, na ndiko kunakopoteza muda kuliko vyote. Ukiongeza kasi ya mzigo mara 2, umbali unaongezeka mara 4, ndiyo maana mabadiliko madogo yanakupeleka kutoka nusu ya njia hadi nje ya skrini. Wengi hurefusha mkono. Ncha ya mkono mrefu inakimbia zaidi kwa mzunguko uleule, ni kweli, lakini mzigo ulio mbali mara 2 ni mgumu kuuzungusha mara 4, na mota ina kikomo. Mkono unafika mahali pa kuachia kabla haujashika kasi. Mara nyingi ni heri kuufupisha na kuupa nafasi ya kuzunguka zaidi kabla ya kuachia. Halafu pembe: mzigo hauruki kuelekea mkono unakoelekeza, unaruka kwa pembe mraba na mkono. Ukitaka uondoke kwa nyuzi 45, mkono uwe bado nyuzi 45 nyuma ya wima unapoachia. Ukiachia wima, mzigo unaondoka mlalo na kugonga chini miguuni pako. Na lengo likiwa chini kuliko pa kurushia, pembe bora inashuka chini ya 45.

Kuna kioja kimoja cha kasi kinachostahili kutajwa. Kitu kinachokimbia mita 30 kwa sekunde kinasogea nusu mita kati ya picha moja na inayofuata. Box2D kwa kawaida inazuia vitu visipenye ardhi na kuta zisizosogea, lakini kati ya vitu vinavyosogea haifanyi ukaguzi huo mpaka mtengenezaji auombe. Ndiyo maana mpira wako hautoboi ardhi hata siku moja ila unapenya katikati ya wavu wa fimbo ulioujenga kwa taabu. Wavu wa pili nyuma ya wa kwanza hausaidii sana. Punguza kasi.

Wanaocheza gemu za zamani wajue kwamba Adobe iliacha kuihudumia Flash, programu iliyokuwa ikiendesha nyingi za gemu hizo kwenye kivinjari, tarehe 31 Desemba 2020, na kuanzia 12 Januari 2021 programu hiyo ikazuia kazi zake zenyewe. Baadhi ya gemu zinachezeka leo kupitia Ruffle, programu inayoigiza Flash. Gemu lililoandikwa upya kwa injini au toleo jingine ni habari tofauti: mashine ya kale inayofaulu kwa unywele itashindwa huko, ile yenye nafasi ya kukosea itapita.

Utaratibu wa kazi basi. Endesha mashine na usitazame inapoishia. Tazama sekunde mbili za kwanza, maana kosa la kwanza ndilo linalozaa mengine. Badilisha kitu kimoja, endesha tena. Ikifaulu, hifadhi nakala, kisha anza kufuta: toa fimbo moja, endesha, ikipita, fimbo hiyo haikuwa na kazi, iache nje. Ikishindwa, usiichore upya kwa mkono, rudi kwenye nakala uliyohifadhi, halafu jaribu kutoa nyingine. Poly Bridge, gemu la kujenga madaraja, inakulazimisha kufanya hivi kwa kukuwekea bajeti, na kwa maoni yangu kikomo hicho kinamfunza mchezaji kuliko maelezo yoyote ya mwanzoni mwa gemu. Pale ambapo bajeti haipo, jiwekee mwenyewe: gari la kuvusha mzigo mmoja mahali tambarare linahitaji magurudumu 2 yenye mota na fimbo 3 zinazofunga pembetatu kati ya ekseli mbili na mzigo. Kila kinachozidi hapo kiwe na kizingiti, mlima au shimo unaloweza kulionyesha kwa kidole.