Kanuni za Maonyesho Ndizo Zinazomlea Mchoraji wa Rangi za Maji

Vyama vya wachoraji wa rangi za maji hupenda kusema kwamba kazi yao ni kufundisha, kisha nguvu zote zikaenda kwenye maonyesho ya mwaka. Sina ugomvi na maonyesho. Ninachopinga ni kuyachukulia kama sherehe tu, ilhali fomu ya kuwasilisha kazi ndiyo karatasi inayosomwa na wanachama kuliko nyingine yoyote. Mtu atakosa darasa la mwezi na atapuuza barua ya katibu, lakini kanuni za kuingia maonyesho atazisoma mstari kwa mstari. Kinachokubaliwa humo ndicho atakachochora mwaka mzima. Kwa hiyo kamati inayotaka wachoraji wazuri ianze kwa kuandika kanuni nzuri.

Historia yenyewe inaonyesha hivyo. Chama cha kwanza cha aina hii kilianzishwa London mwaka 1804, kwa sababu wachoraji wa rangi za maji waliona kazi zao hazipewi heshima katika maonyesho makubwa ya wakati ule, zikitundikwa pamoja na michoro mizito ya mafuta iliyozimeza. Mwaka uliofuata wakafungua maonyesho yao wenyewe. Miaka michache baadaye fedha zilipowabana, mwaka 1812 wakaruhusu na mafuta, na ilipofika 1820 walikuwa wameshayaondoa tena. Swali la nini kiingie na nini kibaki nje limekuwepo tangu mwanzo, na kila chama lazima kilijibu kwa maandishi.

Jibu la "kazi ziwe za rangi za maji na ziwe na fremu" halitoshi. Kamati iseme waziwazi: je, guashi, yaani rangi ya maji nzito isiyopitisha mwanga, inaruhusiwa? Je, rangi ya akriliki iliyozimuliwa kwa maji? Wino na penseli chini ya rangi? Turubai iliyopakwa matabaka ya kunyonya maji? Mimi ni wa upande wa karatasi na rangi angavu, ile ambayo weupe wake unatoka kwenye karatasi yenyewe. Guashi nyeupe naikubali kwa vimulimuli vya mwisho, kama nyuzi za taa au povu la wimbi, lakini mchoro ambao mawingu yake yote ni guashi uende kwenye kundi lingine. Sababu ni ya kiufundi. Anayejua kwamba nyeupe haitamwokoa hulazimika kupanga sehemu zake nyeupe kabla hajalowesha brashi, na huo ndio ujuzi mgumu kuliko wote katika fani hii. Chama kikilegeza hapo, baada ya miaka mitatu utaona kuta zimejaa michoro iliyorekebishwa badala ya iliyopangwa.

Mengine yasiyohitaji mjadala yaandikwe tu: hakuna nakala zilizochapwa kwa mashine, hakuna kazi iliyonakiliwa kutoka picha ya mtu mwingine, hakuna kazi iliyofanywa darasani chini ya mkono wa mwalimu.

Kuhusu karatasi, nashauri kanuni itaje pamba asilimia 100, isiyo na asidi, uzito usiopungua gramu 300 kwa mita ya mraba. Karatasi ya gramu 190 hujikunja mara tu inapolowa, rangi ikatuama kwenye mabonde na kukauka kwa mistari. Hata ya gramu 300 hujikunja kwenye mpako mpana ikiwa haikunyooshwa: iloweshwe dakika chache, ilazwe juu ya ubao, ibandikwe pande zote nne kwa tepu ya karatasi yenye gundi ya kulowesha, kisha iachwe ikauke kabisa ikiwa imelala. Ukiisimamisha, maji hushukia upande mmoja na tepu ya upande huo huachia. Karatasi ya gramu 640 haihitaji kunyooshwa, ila bei yake humfanya mtu aogope kujaribu, na woga huonekana kwenye mstari. Karatasi ya nyuzi za mbao ya bei nafuu ina kasoro kubwa kuliko kujikunja: huwa manjano, na rangi haiwezi kuinuliwa, yaani kuloweshwa na kufutwa, bila uso wake kuchubuka.

Jambo ambalo vyama vingi hulikwepa ni kupauka kwa rangi. Mnunuzi anayekuta waridi lake limekuwa kijivu baada ya miaka mitano hatamlaumu mchoraji peke yake, atakumbuka ni chama gani kilichomuuzia. Tangu mwaka 1888, wanasayansi Russell na Abney walipotoa ripoti yao Uingereza kuhusu mwanga na rangi za maji, inajulikana kwamba mwanga ukisaidiwa na unyevu na hewa huharibu rangi nyingi, na kwamba nyingi kati ya hizo zilistahimili zilipowekwa mahali pasipo hewa. Kwa hiyo kanuni iwatake wachoraji wasome msimbo wa rangi, yaani herufi na namba zilizo ubavuni mwa tyubu, si jina la kuvutia lililo mbele. PR83, alizarini nyekundu ya zamani, hupauka, hasa ikipakwa nyepesi. NR9, inayotoka kwenye mizizi ya mmea, ni dhaifu vilevile. Waridi zile kali zinazong'aa kama taa hupata mng'ao wake kutoka kwenye rangi ya floresensi, na rangi hiyo ndiyo ya kwanza kutoweka. PV19 inatoa waridi na wekundu wa kutosha bila hatari hiyo.

Hili si la kuhubiri tu, linaweza kuwa kazi ya chama. Kila mwanachama alete rangi zake, apake vipande vya sentimita 3 kwa 10, nusu nzito nusu nyepesi, aandike msimbo kwa penseli. Kila kipande kikatwe katikati kwa urefu: nusu moja ifungiwe kwenye bahasha nene gizani, nyingine ibandikwe kwenye dirisha linalopigwa na jua. Baada ya miezi mitatu ziwekwe pamoja mezani. Hakuna mhadhara unaoweza kushinda meza hiyo.

Halafu kuna uchaguzi wa kazi. Kuchagua kwa picha za kompyuta kumerahisisha mambo, na naelewa kwa nini makatibu wanakupenda, lakini kuna gharama yake. Picha hupendelea utofauti mkali wa giza na mwanga, na huzika mpako laini, chembe za rangi zilizotuama kwenye mashimo ya karatasi, na kingo zilizopotea. Mchoro wa ukungu wa asubuhi, kwenye skrini, huonekana kama karatasi chafu. Nashauri hatua mbili: picha ziondoe zile zisizofaa kabisa, kisha jopo lione kazi zenyewe, bila fremu ikiwezekana, kabla ya kuamua. Chama kisichoweza kumudu hilo angalau kitoe maelekezo ya kupiga picha: mchoro nje ya kioo, kivulini siku yenye mwanga wa kutosha, kamera iwe sambamba na karatasi katikati yake, bila flashi, na picha ikatwe hadi kwenye kingo za mchoro. Kamera ikiachiwa iamue yenyewe huigeuza karatasi nyeupe kuwa kijivu, kwa hiyo mwanga uongezwe kidogo mpaka weupe uwe mweupe. Bila hilo jopo litakuwa linapima ujuzi wa kupiga picha.

Waamuzi wawe watatu au watano, angalau mmoja kutoka nje ya chama, na kila mmoja atie alama kimya kabla ya mazungumzo yoyote. Wakianza kwa kuzungumza, mwenye sauti kubwa huchagua maonyesho yote. Majina yafichwe, ingawa katika chama cha eneo moja mikono hutambulikana. Na kazi iliyokataliwa irudi na sentensi moja ya sababu. Sentensi hiyo ni kazi ngumu kwa jopo, najua. Bila hiyo, aliyekataliwa hujaza sababu mwenyewe, na mara nyingi hujaza isiyo sahihi kisha akaacha kuleta kazi.

Fremu ndiyo inayotia watu hasara kimyakimya. Kati ya mchoro na kioo lazima kuwe na nafasi, na kazi hiyo hufanywa na kadi nene iliyokatwa dirisha, ya unene wa milimita moja na nusu au zaidi. Karatasi ikigusa kioo, mvuke unaoganda upande wa ndani huirukia rangi, ukungu huota, na siku ya kuitoa ngozi ya mchoro hubaki kwenye kioo. Kadi yenyewe isiwe na asidi. Ile ya kawaida huacha mstari wa kahawia kuzunguka dirisha. Mchoro ushikizwe juu tu, kwa bawaba mbili za karatasi ya Kijapani na gundi ya wanga wa ngano, ili uweze kutanuka na kusinyaa hali ya hewa inapobadilika. Ukiugundisha pande zote nne, hewa ikipata unyevu utajaa mawimbi, na hakuna pasi itakayouponya. Selotepu na tepu ya karatasi ya mafundi rangi zipigwe marufuku kwa jina: gundi yake hupenya karatasi, hugeuka kahawia na haitoki.

Rangi ya kadi iwe nyeupe au ya krimu kwa wote. Wengine huona hili kama udikteta. Lakini kazi 80 zenye kadi za bluu, kijani na dhahabu hufanya ukuta upige kelele, na rangi za maji ni sauti ya chini. Kazi zinazosafirishwa ziwekewe bamba la akriliki, yaani plastiki angavu, badala ya kioo, maana kioo kikipasuka hukata karatasi. Akriliki huvuta vumbi, basi isifutwe kwa kitambaa kikavu wala dawa yenye amonia. Nyuma, pete ziwe theluthi moja kutoka juu, na pembe za chini ziwe na vifundo vya feliti ili hewa ipite kati ya fremu na ukuta.

Siku ya kutundika, kazi zote ziegemezwe sakafuni kwanza, chini ya mahali zitakapokaa, na zizungushwe mpaka majirani waelewane. Zisipangwe kwa ukubwa wala kwa cheo cha mwanachama. Kazi kali ziwekwe mwisho wa kuta na pembeni, ziwavute watu wapite kwenye zile za kimya. Katikati ya kila mchoro iwe takriban sentimita 150 kutoka sakafuni.

Mwanga ndio nitakaoung'ang'ania. Makumbusho huweka michoro ya rangi za maji kwenye luksi (kipimo cha mwanga) 50 hivi. Kumbi nyingi za kukodi huwa na 500 au zaidi, na madhara hujumlika: siku 30 kwenye luksi 500 ni sawa na siku 300 kwenye 50. Hivyo mwezi mmoja wa maonyesho unaweza kumla mchoro karibu mwaka mzima wa maisha ya makumbusho. Taa za LED hutoa mionzi ya urujuanimno kidogo sana, jambo zuri, ila mwanga unaoonekana nao hupausha. Funga mapazia upande wa jua, zima taa ukumbi usipokuwa na watu, na pima ukutani penyewe, si katikati ya chumba. Wageni hulalamika kwamba pana giza wanapoingia tu; macho yao yakizoea kwa dakika kadhaa, malalamiko huisha. Kiwango cha unyevu nacho kiwe karibu asilimia 50. Kikipita 65 kwa muda mrefu, ukungu una makao.

Kanuni zikishakaa hivyo, ratiba ya mwaka hujiandika. Onyesho la mwalimu akichora mbele ya watu, kamera ikiwa juu ya meza, lisizidi dakika 90, na awe na karatasi tatu zilizofika hatua tofauti ili watu wasitazame rangi ikikauka. Kikausha nywele kisiguswe wakati uso ungali unang'aa, maana upepo husukuma maji na rangi huhama nayo. Bora zaidi ni wanachama wajaribu wenyewe: vipande vitano, mpako mmoja, kisha tone la maji safi kwenye kila kimoja kwa wakati tofauti wa ukaukaji. Watajionea kwamba doa lenye kingo za mawimbi hutokea uso ukiwa umepoteza mng'ao lakini haujakauka, kwa sababu maji mapya husukuma chembe ambazo bado hazijashika.

Uchoraji wa nje ni mzuri, ila watu wakae kivulini. Juani karatasi humetameta, mchoraji hukoleza kupita kiasi, na nyumbani anakuta kazi nzito.

Kikao cha kuhakiki kazi ndicho ningekilinda kuliko vyote. Kazi zisizidi 12, dakika saba kila moja, ziwekwe mita tatu mbali. Mwenye kazi anyamaze kwanza. Waliopo waseme jicho linatua wapi na linatokea wapi, kabla ya kupenda au kutopenda. Kisha kazi ipigwe picha kwa simu na kugeuzwa kuwa nyeusi na nyeupe: mara nyingi tatizo lililodhaniwa kuwa la rangi linajitokeza kuwa la giza na mwanga, kila kitu kikiwa kijivu kimoja cha kati. Mwisho mwenye kazi aulize swali moja. Jopo la maonyesho litumie vigezo hivihivi, na viandikwe kwenye fomu.

Na kanuni mpya itangazwe mwaka mzima kabla ya kuanza kutumika. Karatasi za msimu huu zimeshanunuliwa, na baadhi zimeshanyooshwa kwenye mbao.