Baba Mkubwa, ile nusu dola ni nusu dola

Jumapili ya wiki iliyopita Baba Mkubwa alinipigia simu kutoka Pangani, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi hakuanza na habari za mvua. "Mwanangu, nitumie laki moja na nusu. Leo leo." Nikamuuliza kuna mgonjwa? Hakuna. Kuna msiba? Hakuna.

"Nasajili sarafu."

Basi nikajua. Ile video imeshafika Pangani.

Mnaijua, msijifanye. Mkono wenye kucha ndefu unageuza sarafu juu ya kitambaa chekundu, muziki wa kivita unapiga nyuma, sauti ya kompyuta inasema matajiri wa Marekani wanazitafuta sarafu kama hizi kwa udi na uvumba na wanalipa mabilioni, na chini kuna namba ya "wakala". Wakala ndiye anayetaka laki na nusu, maana bilioni haziji mikono mitupu. Kuna usajili, kuna cheti, halafu, nina hakika, ingekuja bima ya safari.

Pesa sikutuma. Jumamosi nikapanda basi nikaenda mwenyewe, njia nzima nikipanga maneno makali ya kumwambia huyo wakala nikimpata hewani. Nikamkuta Baba Mkubwa barazani, kamwaga kopo la maziwa ya unga juu ya mkeka. Shikamoo, marahaba, nikakaa. Sarafu zimepangwa kwa safu kama askari wa gwaride, na zinang'aa hasa. Shilingi za King George zenye simba. Senti kumi zenye tundu katikati. Nusu dola ya Marekani ya 1972 yenye kichwa cha Kennedy, aliyoachiwa na mzungu mmoja zamani akiwa mhudumu hotelini. Na pembeni, peke yake, pesa moja ya Barghash, Sultani wa Unguja, ya mwaka 1299 Hijria, ile yenye mizani.

"Unaona zilivyotakata? Nimezisugua siku mbili. Ndimu na jivu."

Jamani. Niliishika ile pesa ya Barghash. Mizani imebaki kivuli. Maandishi unayasoma kwa kidole kama kipofu. Hapo hasira yangu yote ikamhama wakala, ikakosa pa kukaa.

Wanaouziwa matumaini kwenye simu wanaambiwa kitu kimoja: sarafu ikizeeka inapanda bei. Uongo. Kuna sarafu za shaba za Warumi, za enzi ya Konstantino, zina umri wa miaka 1,700, na nyingi zinauzwa kwa bei ya kuku wawili watatu. Uzee ungekuwa mali, sote tungekuwa na babu bilionea. Wale wanaonyanyua vibao kwenye minada ya New York wananunua kitu ambacho sisi watu wa pwani tulipaswa kukielewa kabla yao, maana ndicho tunachokiuliza mtu akija kuposa: huyu ni mwana wa nani? Nasaba. Sarafu imetoka kwa nani, ikaenda kwa nani, nani aliiona, iko wapi karatasi.

Chukueni ile sarafu ya dhahabu ya Marekani, ya dola 20, ya mwaka 1933. Ndugu zake wakubwa walifika hadi kwetu karne ya 19, wazee wakiziita reale ya dhahabu. Mwaka huo kiwanda cha serikali cha Philadelphia kilitengeneza vipande 445,500, na mwaka huohuo Rais Roosevelt akawapiga marufuku raia kulimbikiza dhahabu. Sarafu zikayeyushwa bila kutoka nje. Kumbe chache zilishatoka, kwa mlango ambao haukuandikwa kwenye daftari. Moja ikanunuliwa kwa ajili ya Mfalme Farouk wa Misri, na mwaka 1944 Hazina ya Marekani ikaigongea kibali cha kusafirishwa. Muda si mrefu wakashtuka kwamba waliyoipa kibali ni mali ya wizi. Sahihi imeshakauka. Farouk akapinduliwa mwaka 1952, sarafu ikatoweka, ikaja kuibuka mwaka 1996 katika hoteli ya Waldorf-Astoria mikononi mwa mfanyabiashara wa sarafu kutoka London, ambaye wateja wake asubuhi ile walikuwa makachero. Kesi ikaisha kwa makubaliano: iuzwe, mgawane. Ikauzwa mwaka 2002 kwa dola milioni 7.59, na mnunuzi akaongezewa dola 20 za kuilipa serikali, kwa hoja kwamba sarafu ile haijawahi kutolewa rasmi kuwa pesa. Milioni saba na ushei, halafu nauli ya ziada. Hata makondakta wetu wana haya kidogo.

Mwaka 2021 mnunuzi yule, Stuart Weitzman, mbunifu wa viatu, akaiuza tena kwenye mnada wa Sotheby's. Dola milioni 18.9. Dhahabu iliyomo ndani, kwa bei ya siku ile, haifiki dola 2,000.

Sasa sikilizeni pacha zake. Familia moja ya Philadelphia, wazao wa sonara, ilifungua sanduku la benki ikakuta sarafu kumi za namna ileile. Kumi! Wakafanya adabu ya watu wastaarabu, wakazipeleka serikalini zihakikiwe. Serikali ikahakiki, ikasema ni halisi, ahsanteni sana, na ni zetu. Kesi ikapigwa miaka na miaka, baraza la mahakama likaipa serikali ushindi mwaka 2011, na mwaka 2017 Mahakama ya Juu ikakataa kuisikiliza. Tai yuleyule, uzito uleule, kiwanda kilekile. Moja ni milioni 18.9, kumi hazina bei kwa sababu hakuna anayeruhusiwa kuzimiliki. Kilichozitenga ni kile kibali cha Farouk.

Au ile ya Wamarekani ya senti tano ya 1913 yenye kichwa cha Liberty, yule mama wa uhuru wao, ambayo duniani zinajulikana tano tu. Mwenye mojawapo, George Walton, alikufa kwa ajali ya gari mwaka 1962 akiwa safarini na sarafu yake. Wataalamu wakaitazama wakasema ya bandia, mwaka umechezewa. Dada yake akaiweka kabatini ndani ya bahasha. Ikakaa humo zaidi ya miaka 40, bila bei yoyote, mpaka mwaka 2003 ilipopelekwa Baltimore kukutanishwa na wenzake wanne, na wataalamu wakaichunguza usiku wakakubali ni ndugu yao. Mwaka 2013 ikauzwa kwa zaidi ya dola milioni 3.1. Ndani ya bahasha ile hakuna kilichobadilika miaka yote hiyo. Ni posa iliyokataliwa, halafu wajomba wakapatikana.

Haya, bahati ipo, nakubali, na nakubali kwa shingo upande. Mwaka 1947 kijana wa miaka 16 wa Pittsfield, Massachusetts, alirudishiwa chenji ya chakula shuleni akakuta senti moja ya shaba ya 1943, wakati senti za mwaka huo zilitengenezwa kwa chuma kwa sababu shaba imekwenda vitani. Alipofariki, ikauzwa mwaka 2019 kwa dola 204,000. Lakini mkumbuke aliitunza miaka 70, na kwamba mjini zimejaa senti za chuma zilizopakwa shaba. Sumaku inazivua nguo.

Habari ya madaraja, ya kuwekwa kwenye kasha la plastiki na kupewa alama kati ya 1 na 70, siiingilii. Ila jueni hili tu: aliyesugua ameshaanguka mtihani. Ukungu wa fedha na kutu ya shaba ni ushahidi kwamba kitu hakijaguswa. Ndimu inafuta ushahidi.

Nije kwenye ile iliyoninyima usingizi Pangani usiku ule, huku Baba Mkubwa anakoroma chumba cha pili.

Wamarekani wana dola ya fedha wanayoiita mfalme wa sarafu zao: dola ya 1804. Haikutengenezwa mwaka 1804. Ilitengenezwa mwaka 1834, kwa sababu serikali yao ilitaka seti nzuri za sarafu za kuwazawadia wafalme wa mashariki, na makarani walipofunua vitabu wakaona dola za mwisho zilitoka 1804. Hawakujua kwamba za mwaka huo zilipigwa kwa mihuri ya zamani yenye 1803 na kurudi nyuma. Wakachonga 1804, wakapiga chache, nane ndizo zinazojulikana za toleo lile. Bibi zetu wasingeshangaa. Reale ya Sham, ile yenye mama wa Austria, Maria Theresa, kifua mbele, imeandikwa 1780 hadi kesho, hata iliyotengenezwa wakati wa vita vya Hitler.

Moja kati ya hizo nane inaitwa minadani "ya Sultani wa Muscat". Iliuzwa mwaka 1999 kwa dola milioni 4.14, na Agosti 2021 kwa dola milioni 7.68. Huyo Sultani wa Muscat ni nani? Ni Sayyid Said bin Sultan. Huyuhuyu wa karafuu, aliyezikwa Unguja mwaka 1856. Na mkataba ulioileta zawadi ile, aliotia sahihi na mjumbe Edmund Roberts Septemba 1833, ulikuwa na harufu ya Unguja tangu mstari wa kwanza: wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walikuwa wanapakia pembe za ndovu na sandarusi bandarini kwetu, wanashusha kile kitambaa tunachokiita merikani mpaka leo, na walitaka wafanye biashara kwa ushuru wa asilimia 5 bila kusumbuliwa. Roberts akarudi mwaka 1835 na zawadi kwenye manowari Peacock, ikapita Unguja, ikakwama mwambani karibu na kisiwa cha Masira, ikanasuliwa, sarafu zikafika Muscat.

Halafu kimya. Nasaba ya sarafu ile inashikika kuanzia Liverpool, kwa mkusanyaji aitwaye C. A. Watters, ikauzwa London mwaka 1917, ikavuka bahari kurudi kwao. Kabla ya Watters kuna neno moja tu: inaaminika. Inaaminika ilikuwa ya Sultani. Nani aliitoa kwenye sanduku la Sayyid Said? Aliuza mtoto, alitoa zawadi, aliiba mtumishi, ilikwenda kulipa deni? Kwa jina la yule mzee bei inapanda, na kipande cha nasaba kinachokosekana ni cha upande wetu, ambako hakuna aliyeandika mstari.

Lakini kuna jambo linanifurahisha kijinga. Kati ya dola zote za 1804, hii ndiyo yenye hali bora kuliko zote, alama 68 kwa 70. Maana yake popote ilipolala miaka ile, Muscat au Unguja, yupo mtu wetu aliyeiacha kama ilivyo. Hakuwa na ndimu karibu.

Asubuhi nilimwambia Baba Mkubwa ukweli. Nusu dola ya Kennedy ya 1972 ni shaba na nikeli, Wamarekani wanayo kwa mamilioni, bei yake ni nusu dola. "Nusu dola ngapi?" Nusu dola, Baba Mkubwa. Akaigeuza, akaitazama ile sura ya Kennedy kama mtu aliyemkopesha akakana.

Kisha nikamwomba anisimulie ile ya mizani. Akasema ilifungwa kwenye ncha ya kanga ya bibi yake, kule Mwera, pamoja na ufunguo, na bibi huyo aliipata kwa mumewe aliyekuwa nahodha wa jahazi la mikoko, naye alikuwa akimwambia kuwa ndiyo pesa ya kwanza aliyolipwa Unguja akiwa mtoto wa chombo. Jina la jahazi alilikumbuka. Jina la tajiri wa jahazi pia. Nikatafuta bahasha, nikaandika yote, na tarehe ya siku ile, na chini nikaandika kwa haki kwamba ilisuguliwa kwa ndimu na jivu na nani. Hapo akacheka. Akasema nifute jina lake. Sikufuta.

Nikarudi Tanga nikidhani tumemaliza. Jana usiku simu ikaita.

"Mwanangu, wale watu waungwana kweli. Wamepunguza. Sasa ni elfu tisini."