Mtihani wa Morse: Thamani ya Ujuzi na Haki ya Kuufanya Sharti

Kwa miongo mingi, mtu aliyetaka leseni ya redio ya ridhaa, yaani ya kuwasiliana hewani kwa kujifurahisha bila malipo, ya kumruhusu kutumia masafa ya chini ya megahezi 30, yaani yale yanayoweza kuvuka bahari kwa kurudishwa chini na tabaka la juu la angahewa, alilazimika kwanza kuthibitisha kwamba anaweza kutuma msimbo wa Morse, ambao huandika kila herufi kwa milio mifupi (nukta) na mirefu (vistari), kwa mkono na kuupokea kwa sikio. Sharti hilo lilikuwa katika kanuni za kimataifa za redio hadi mwaka 2003, mkutano wa ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, uliofanyika Geneva ulipoiachia kila nchi iamue yenyewe. Uingereza ililifuta mwaka huo huo. Marekani ilingoja hadi tarehe 23 Februari 2007. Mabishano yangali hai, na nadhani yanadumu kwa sababu pande mbili hazijibu swali moja: upande mmoja unasifu thamani ya Morse, wa pili unahoji kama thamani hiyo inatosha kumzuia mtu mlangoni.

Sharti lenyewe halikutungwa ili kuwatesa watu. Mwanzoni mwa karne ya 20, meli, majeshi na watu binafsi wote walizungumza kwa nukta na vistari, na aliyekuwa akiingilia wito wa meli iliyo hatarini alipaswa kuelewa anapoamriwa anyamaze. Sababu hiyo ilikufa polepole, na mwaka 1999 ikazikwa, meli za safari za kimataifa zilipokamilisha kuhamia GMDSS, mfumo wa kimataifa wa kuomba msaada baharini, unaotegemea setilaiti na vifaa vya kidijitali.

Watetezi wa mtihani wana hoja nzito zaidi kuliko historia. Ishara ya Morse huhitaji upana wa hezi 150 hivi, ilhali sauti ya mtu kwenye mawimbi mafupi huhitaji zaidi ya hezi 2,000. Nguvu ile ile ikibanwa katika nafasi nyembamba namna hiyo hupenya kelele ambamo maneno yangepotea. Tena mtambo wa kuituma unaweza kuundwa kwa transista chache tu. Haya yote ni kweli. Hata hivyo, tangu mwaka 2017 kuna FT8, mfumo wa kidijitali uliobuniwa na Joe Taylor, mshindi wa Nobeli ya fizikia, pamoja na Steve Franke, ambao kompyuta huusoma hata pale sikio la binadamu lisiposikia ila mvumo. Anayedai kwamba Morse ndiyo ya mwisho kunyamaza hana budi kuongeza maneno “kwa asiye na kompyuta”.

Hoja yao nyingine ni ya nidhamu: aliyetoa jasho kupata leseni hataichezea. Waliogopa yaliyotokea Marekani katika miaka ya 1970 kwenye redio za CB, za masafa mafupi zilizo wazi kwa raia wote, ambako umati uliingia hewani na wengi hawakujali kanuni. Siipuuzi hofu hiyo, lakini kuvumilia mazoezi ya sikio hakumfundishi mtu adabu, wala hakumwonyeshi namna ya kuunganisha antena bila kujiunguza au kuharibu mawasiliano ya wengine, jambo ambalo mtihani wa maandishi hulipima moja kwa moja.

Mtihani huo ulikuwa na kasoro nyingine isiyotajwa sana. Chukua herufi H, ambayo ni nukta nne, na tarakimu 5, ambayo ni nukta tano. Kwa mwendo wa maneno 5 kwa dakika, H huchukua zaidi ya sekunde moja na nusu, kwa hiyo mwanafunzi, asije akaichanganya na 5, hukaa akihesabu: moja, mbili, tatu, nne. Kwa maneno 20 kwa dakika, herufi hiyo hiyo huisha kabla ya nusu sekunde, na hakuna wa kuhesabu tena. Lazima isikike kama neno zima. Aliyejizoeza kuhesabu hukwama katikati, na inambidi aanze upya. Dawa ilijulikana, nayo ni kupiga kila herufi haraka na kurefusha kimya kati ya herufi na herufi, lakini aliyesomea cheti tu hakuona haja ya kufika mbali hivyo. Wapo wengi waliofaulu na wasiguse tena kitufe cha kugongea.

Marekani yenyewe ilikuwa imekiri udhaifu wa mtihani huo mapema, ilipowaruhusu wenye ulemavu mkubwa kusamehewa mitihani ya mwendo wa maneno 13 na 20 kwa dakika kwa cheti cha daktari. Kama mtu angeweza kuaminiwa hewani bila mwendo huo, mwendo haukuwa kipimo cha kuaminika.

Kufutwa kwa sharti kulileta tokeo ambalo wachache walilitarajia. Siku ile ya Februari 2007, wenye leseni ya chini ya Marekani, iliyotolewa bila Morse tangu 1991, walifunguliwa sehemu za masafa ya megahezi 3.5, 7 na 21. Na katika sehemu hizo ruhusa yao ilikuwa ya Morse peke yake. Anayetaka kufika mbali kwa megahezi 7 akiwa na leseni hiyo bado hana budi kujifunza kugonga, ila sasa mtahini wake ni yule wa upande wa pili, anayeitikia au kupita kimya.